Vidole Vinne vya Akiba

Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, ilikuwa na mabenchi mengi, lakini benchi lililojiona lina serikali yake lilikuwa moja tu, lile la barazani kwa Twahiru fundi cherehani, hatua chache kutoka msikitini. Miguu yake mitatu ilikuwa ya mbao na wa nne ulikuwa matofali mawili, kwa hiyo aliyekaa upande wa matofali alilazimika kubishana kwa adabu, maana akijirusha kwa hasira wote walikwenda chini. Ulikuwa mwaka wa themanini na saba, uwanja mpya wa mpira wa Remera bado ukinuka rangi. Hapo hukai siku tatu bila kupewa jina. Munyaneza aliitwa Minisita, yaani waziri, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa tarishi wa wizara, akibeba mafaili kutoka mlango huu hadi mlango ule, na ingawa hakuwahi kufungua hata moja, alidai aliyajua yaliyomo kwa uzito wake. Habimana aliitwa Dogiteri, kwa kuwa aliwahi kuosha chupa kwenye duka la dawa miezi minane. Mwenye birika la kahawa alikuwa Mzee Pwani, ambaye babu yake alifika huku na msafara wa vitambaa kutoka Bagamoyo. Yeye mwenyewe bahari hajaiona hata kwenye ndoto, lakini mvua ikinyesha husema inanukia chumvi. Na Twahiru, mwenye baraza, aliitwa Sentimita, kwa ile futi ya kupimia isiyotoka shingoni.

Alhamisi moja Sentimita aliamka na jambo zito. Miezi saba nyuma mkewe, Mukashema, alizaa mtoto wa sita, na damu ikakataa kusimama. Kule hospitali kubwa walipomwomba Twahiru atoe damu yake, yeye aliyeshika sindano miaka ishirini aliiona ile sindano yao akaanguka kabla hawajamfunga mkono. Daktari alimwambia kwa upole, akiwa bado amelala sakafuni: mke wako amepona, lakini mimba nyingine karibuni inaweza kuondoka naye. Baadaye nesi Mukagasana wa zahanati ya juu barabarani akamwambia Mukashema aje na mumewe siku ya Alhamisi, wachague njia ya uzazi wa mpango. Ndio ulikuwa utaratibu wao, mke na mume waje wote wawili. Alhamisi ya kwanza Twahiru alisema ana suti ya bwana harusi. Alhamisi ya pili kichwa kilimuuma. Hii ilikuwa ya tatu, na alfajiri Mukashema alisema maneno machache tu: "Baba Shukuru, saa tano nitapita pale kazini kwako." Hakutaja suti wala kichwa, na hicho ndicho kilichomtisha.

Asieleweke vibaya. Twahiru hakuwa amekataa. Alimpenda mkewe, na tangu ule usiku wa hospitali alikuwa akishtuka usingizini na kumpapasa kuona kama anapumua. Kilichomshinda ni ufundi. Mteja akimletea kitambaa na kusema "fundi, nishonee vizuri," fundi ndiye anayejua kola ikae vipi na pindo lishuke wapi. Haulizwi mteja. Basi na yeye aliposikia "mje mchague," alielewa kwamba nesi atamgeukia yeye, baba mwenye nyumba, ataje njia kama anavyotaja mshono. Na yeye hakujua vidonge ni nini wala kitanzi ni nini. Kukosea kitambaa cha mtu ni aibu. Kukosea mwili wa Mukashema, hilo hakuweza hata kulifikiri hadi mwisho.

Na juu ya meza yake kilikuwepo kitenge cha buluu chenye maua ya njano, gauni la Mukashema la Idi ya kuchinja, kimechorwa chaki lakini hakijakatwa. Fundi wa Biryogo akimshonea mwanamke mwenye mume, huacha vidole vinne vya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni. Wenyewe wanaita akiba. Tumbo likikua, gauni linafumuliwa, linaachiwa, maisha yanaendelea. Ndiyo maana mafundi hujua habari za mimba kabla ya wakwe. Kwa miaka kumi na mitano Twahiru alimwachia Mukashema akiba bila kufikiri, na zote zilitumika. Sasa siku ya pili mkasi ulikuwa unamkodolea macho. Akiacha, ni kama anaitega mimba. Asipoacha, ni kama anampangia Mungu.

Saa tatu, Mzee Pwani alipomimina vikombe vya kwanza, Twahiru akajikaza.

— Nina mteja mmoja, alisema, macho kwenye cherehani. Mteja wa Remera. Bibi yake alizaa kwa shida sana. Sasa nesi anataka wachague plani, na yeye hajui achague gani.

Wale watatu wakatazamana. Usiku ule wa damu, Minisita ndiye aliyekimbia na kandambili moja kutafuta gari. Damu iliyomwingia Mukashema, chupa moja ilikuwa ya Dogiteri. Mzee Pwani akafungua mdomo aseme, Minisita akamkanyaga mguu.

— Mteja wa Remera, alisema Minisita. Maskini. Remera watu wanapata shida sana.

— Ana watoto wangapi? aliuliza Dogiteri.

— Sita.

— Kama wewe.

— Kama mimi. Watu wengi wana sita.

— Kweli, alisema Dogiteri. Sita ni namba ya watu wengi.

Mzee Pwani akampa Twahiru kikombe kilichojaa kuliko vya wengine.

— Mwambie mteja wako asiogope. Amefika kwa wenye akili. Dogiteri, anza wewe, dawa ni shamba lako.

Dogiteri akavuta koti lake, koti la zamani lililowahi kuwa jeupe.

— Tuanze na vidonge. Ile vidonge mi najua. Bibi anakula moja kila siku. Mwaka iko na siku mia tatu sitini na tano. Sasa niambieni, zinakwenda wapi?

— Zinayeyuka, alisema Minisita.

— Reka! Zinayeyuka wapi? Zinakaa. Zinakaa chini ya tumbo, pole pole, pole pole.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Mzee Pwani kwa huzuni.

— Umesema. Miaka mitatu, ni kilo nzima. Mama akikimbilia basi, unasikia: kocho, kocho, kocho.

— Na aspirini? aliuliza Minisita. Wewe umekula aspirini ngapi toka tukujue? Mbona hugongi?

Dogiteri akafikiri.

— Aspirini ni ya kichwa. Ile inapanda juu.

Hoja ikapita. Twahiru akakanyaga cherehani mishono miwili mitatu ya bure, akijaribu kumwona Mukashema akikimbilia basi.

— Mimi sisemi habari ya tumbo, alisema Minisita akiteremsha sauti, nasema habari ya juu. Nyinyi mnafikiri hii plani imetoka wapi? Redio asubuhi plani, mchana plani, ukienda umuganda Jumamosi, ile kazi ya wote, shika jembe, plani. Mimi niliibeba ile faili.

— Ilikuwa nzito? aliuliza Mzee Pwani.

— Nzito sana, yewe. Ikawa hivi. Walijenga uwanja wa Remera. Walipomaliza wakahesabu viti. Halafu wakahesabu watu. Wakaona watu wamezidi viti.

Mzee Pwani akasogeza birika karibu.

— Sasa kuongeza viti ni simenti, aliendelea. Na simenti ni ghali. Mtu mmoja mkubwa, jina siwezi kutaja, akasema, basi tupunguze watu.

— Mali bila daftari huisha bila habari, alisema Mzee Pwani, akimaanisha viti.

— Lakini huyo mteja hapendi hata mpira, alisema Twahiru kwa unyonge.

— Hao ndio wanaoanza nao, alisema Minisita.

Twahiru akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasorobo. Kitenge kilikuwa palepale, na chaki ilianza kufutika kwa vumbi la barabara.

— Na sindano je? aliuliza. Nesi alisema kuna sindano. Yaani, alimwambia mteja.

Hapo Mzee Pwani mwenyewe akaweka birika chini.

— Sindano naogopa zaidi ya vyote, mwanangu. Vidonge vinakaa tumboni, sawa, utavitapika. Sindano inaingia kwenye damu. Inazunguka. Sasa mbu anakuja usiku, anamuuma huyo mama. Kimetokea nini?

— Amemuuma, alisema Dogiteri.

— Amepata dawa! Na yeye mbu hazai tena.

Dogiteri akakaa wima, karibu benchi lianguke.

— Ngoja. Ngoja, Mzee. Kwa hiyo ukichoma sindano akina mama kumi, ukawalaza Nyabugogo kwenye majimaji...

— Malaria imekwisha Rwanda nzima.

— Mana yanjye, Mungu wangu! alisema Dogiteri. Na mimi nilikuwa naosha chupa zake!

— Sasa hiyo ni mbaya au ni nzuri? aliuliza Twahiru.

Minisita akasema ni nzuri kwa taifa, lakini kwa mteja wa Remera ni lazima afikiri, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sindano nyingine zinachomwa karibu na guu.

— Basi kitanzi, alisema Twahiru. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

— Kitanzi! Dogiteri akapiga goti. Hicho ni kitu kidogo hivi, kina waya ya shaba. Wanaweka ndani, kinakaa miaka na miaka. Mi sina neno nacho. Shida yake moja tu, kinatembea.

— Kinatembea kwenda wapi?

— Juu. Na shaba si mnajua kazi yake? Kuna bibi mmoja hapa mtaa wa pili, Gitega, jirani ya shemeji yangu. Akilala upande wa kushoto, anasikia Redio Rwanda. Akigeuka upande wa kulia, anapata Bujumbura.

— Bila betri? aliuliza Minisita.

— Bila betri, sha! Bwana yake hakununua betri mwaka mzima. Jioni anamwambia tu, mama, geuka kidogo, tusikie habari.

Mzee Pwani alicheka hadi machozi, lakini Twahiru hakucheka. Alimwona Mukashema amelala kitandani, mtu mzima mwenye heshima zake, na taarifa ya habari inasoma kifuani pake. Akajiambia, hapana, hapana, kitanzi hapana.

— Tuache mambo ya mashine, alisema Mzee Pwani. Babu yangu alikuja na kamba kutoka Bagamoyo. Kamba ya kiunoni. Unafunga mafundo matatu, mke anapumzika miaka mitatu. Unafunga matano, mitano. Safi, haina waya, haina mbu.

— Babu yako alikuwa na watoto wangapi? aliuliza Minisita.

Mzee Pwani akatazama upande wa msikitini.

— Kumi na tisa.

Dogiteri akafunga mafundo hewani kwa vidole, akihesabu.

— Kamba alikuwa amewaazima watu, alisema Mzee Pwani.

— Mimi sifuati kamba, alisema Minisita. Mimi natumia kalenda. Kila mwaka wizara inanipa kalenda, natundika ukutani. Siku nyeusi ni salama. Siku nyekundu ni hatari, nalala upande wangu. Sijavunja sheria hata mara moja.

Twahiru akageuza shingo polepole.

— Minisita. Siku nyekundu ni Jumapili.

— Na sikukuu, aliongeza Dogiteri.

Minisita akaanza kuhesabu vidole. Akahesabu mkono mmoja, akahamia wa pili, akaishia kidole cha nane, ambacho kilikuwa kitinda mimba wake. Akakunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja na kutazama ndani ya kikombe. Wakati huo nyumbani kwake ilikuwa imetundikwa kalenda mpya kabisa, na mkewe asubuhi hiyo alikuwa amekataa chai kwa sababu inamtia kichefuchefu. Hilo hakulisema.

Saa nne na nusu ikapita. Mzee Pwani akasema hakuna haja ya kugombana, wengi wape. Twahiru akaleta kopo la vifungo na kulimwaga mezani. Kifungo cheupe kikawa vidonge. Sindano iliyovunjika ncha ikawa sindano. Uzi uliopigwa pete ukawa kitanzi. Kipande cha kamba ya pajama kikawa kamba ya Bagamoyo, na chaki ikawa kalenda. Dogiteri akaongeza zipu mbovu.

— Zipu ni nini? aliuliza Mzee Pwani.

— Kujizuia.

Zipu haikupata hata kura moja. Mzee Pwani aliipigia kamba, kwa heshima ya marehemu. Dogiteri aliupigia uzi, akisema afadhali mtu asikie habari. Minisita alikuwa ameahidi kuipigia chaki, lakini akaipita, akateremsha mkono kwenye kifungo cheupe. Moja, moja, moja. Wote wakamgeukia Twahiru, mwenye kura ya mwisho.

Ndipo akatokea mtu mgeni, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye saruji kwenye nyusi, akitembea mgongo ukutani. Jina lake Munyakazi, alisema, fundi mwashi, anajenga nyumba ya watu kule Kinyinya. Asubuhi alishuka mjini kutafuta misumari, akaruka mtaro, suruali ikapasuka nyuma kutoka mkanda hadi goti.

— Fundi, nisaidie, ndugu yangu. Nimetembea mujini kama kaa.

Twahiru alishukuru Mungu kwa kazi hiyo. Akamvutia pazia, akapokea suruali, akampa kipande cha kanga ya maua makubwa mekundu ajifunge. Munyakazi akatoka amejifunga, akakaribishwa benchi, na bila kujua akakaa upande wa matofali. Mzee Pwani akamkamulia kahawa iliyobaki. Ilikuwa nusu kikombe, nzito ya machicha.

— Karibu. Umekuta mkutano. Kuna mteja wa Remera ana shida.

Wakamweleza yote, kila mmoja akichukua kipande chake: watoto sita, damu, nesi, vidonge vinavyogonga, mbu wasiozaa, Bujumbura ya upande wa kulia, babu na mafundo yake. Munyakazi alisikiliza vizuri, kikombe mkononi, macho yakitoka kwa msemaji huyu kwenda kwa yule. Walipomaliza akakuna saruji ya nyusi.

— Sasa huyo bibi, yeye mwenyewe iko nataka gani?

— Bibi gani? aliuliza Dogiteri.

— Bibi ya mteja. Hiyo dawa itaingia mwili ya nani?

— Ya bibi, alisema Minisita.

— Basi. Bibi alisema nini?

Mguu wa cherehani ukasimama. Mzee Pwani alikuwa anamimina birika tupu kwenye kikombe kitupu, na aliendelea kumimina. Dogiteri akavuta tena koti lake. Alikuwa na jibu la kila kitu duniani, hata la swali ambalo halijaulizwa, lakini hili lilimpita ubavuni. Minisita alikuwa anatazama tu vidole vyake vinane.

— Nauliza tu, alisema Munyakazi akiona amewaudhi wenyeji. Mi sijui sana mambo ya mujini.

Twahiru aliona haya, haya ya kweli, iliyoanzia masikioni. Shingo ya Mukashema aliijua ni sentimita ngapi. Kiuno alikijua kabla ya Shukuru na baada ya kila mtoto. Angeweza kumkatia gauni gizani, bila futi, bila daftari. Na katika miezi hii saba, akimpapasa usiku kuona kama anapumua, hakuwahi hata siku moja kumwuliza: mama, wewe unataka nini? Alikuwa amekuja kuwauliza watu watatu na birika.

Hakupata nafasi ya kuona haya zaidi, kwa sababu saa tano ilifika, na Mukashema alifika nayo. Alikuja na leso safi kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa bado mwembamba, gauni lake la zamani likimpwaya mabegani.

— Asalamu aleikumu.

— Aleikumu salamu, Mama Shukuru, waliitikia wote, na Dogiteri kwa haraka akafunika zipu kwa kiganja.

Mukashema akatazama vile vitu mezani, akamtazama mtu aliyejifunga kanga ya maua, kisha akamtazama mumewe. Hakuuliza. Alisimama tu akisubiri, na Twahiru akajua uso huo. Ni uso wa mtu aliyekwisha kujiandaa kusikia habari ya suti ya bwana harusi.

Twahiru akasimama. Suruali ya Munyakazi ilikuwa mkononi, imeshikwa pini, haijashonwa hata nusu.

— Ndugu yangu, suruali yako...

— Nenda tu, alisema Munyakazi. Suruali itangoja. Na mi niko kivulini.

— Nenda, Sentimita, alisema Mzee Pwani. Na ukimwona yule mteja wa Remera, mwambie tunamwombea.

— Kila siku, alisema Minisita, bila utani.

Walipanda barabara hadi kwenye kona ya duka la mafuta ya taa. Hapo Twahiru akasimama.

— Mama Shukuru. Wewe unataka njia gani?

Mukashema akageuka, akamtazama kwa muda mrefu.

— Nimeshachagua toka Alhamisi ya kwanza. Nilikuwa nangoja uniulize.

— Nilifikiri nesi anataka mimi nitaje.

— Nesi alisema tuchague pamoja. Hakusema unipime kwa futi.

— Basi ni gani?

— Sindano. Ya miezi mitatu mitatu. Alinieleza zote, polepole, mpaka nikaelewa. Vidonge ni vizuri, lakini na watoto sita mimi nitasahau. Sindano alisema mwanzo damu ya mwezi inaweza kuvurugika, halafu kwa wengi inapungua, au inakatika kabisa. Na nikitaka mtoto tena huko mbele, nitaiacha, ila itachukua muda. Mukashema akamweka mtoto vizuri mgongoni. Mimi damu nimeona ya kutosha, Baba Shukuru.

Twahiru akachukua mfuko wa mkononi wa mkewe ambao haukuwa mzito, akaubeba. Walipokaribia lango la zahanati akauliza.

— Na kile kitanzi. Nesi hakusema kama kinashika redio?

— Kinashika nini?

Akamweleza habari ya bibi wa Gitega. Mukashema alishika nguzo ya lango. Alicheka hadi mtoto akaamka, hadi akina mama waliokuwa kwenye foleni wakageuka, na Twahiru alisimama pale akimsikiliza na machozi yakimlenga, kwa sababu kicheko kile hakuwa amekisikia tangu ule usiku.

Nesi Mukagasana aliwakaribisha wote wawili, akampima Mukashema presha, akarudia maelezo mbele ya Twahiru, na kumwuliza kama ana swali. Twahiru alikuwa na swali kuhusu mbu, akalimeza. Sindano ilipotoka kwenye karatasi yake, alikaa chini mapema, mtoto mikononi, akatazama ukuta. Mukashema hakutikisa hata kope. Ilichukua muda mfupi kuliko kutia uzi kwenye tundu la sindano, na ndiyo hiyo iliyomnyima usingizi majuma matatu.

Waliporudi barazani, saa saba kasorobo, benchi lilikuwa tupu. Birika lilikuwa limepinduliwa likauke. Munyakazi alikuwa peke yake na maua yake mekundu, amesogea katikati asianguke.

— Wengine wako wapi? aliuliza Twahiru.

— Wameenda kwao. Yule wa wizara aliondoka wa kwanza, anakimbia. Yule daktari akafuata. Mzee alisema yeye ni mzee sana kwa hiyo mambo, halafu akafikiri kidogo, na yeye akaenda.

— Wamesema wanakwenda kufanya nini?

— Walisema iko kitu wamesahau kuuliza nyumbani.

Mukashema akaziba mdomo kwa leso. Kisha akaona kitenge cha buluu juu ya meza, chaki nusu imefutika.

— Mbona hili hujakata? Idi si wiki ijayo?

— Nilikuwa sijui kama niache akiba, alisema Twahiru. Akachukua mkasi. Sasa najua. Nitakata sawasawa na mwili, lisibaki hata kidole.

— Nani kakutuma? Mukashema akamshika mkono, ule wenye mkasi. Acha vidole vinne vyako vilevile. Safari hii nataka kunenepa mimi mwenyewe.